Mzee wa Studio na Kamera ya Kiwanda

Alikuwa akikuketisha kama daktari anavyomketisha mgonjwa ambaye hana haraka naye. Anakushika mabega, anakugeuza kidogo kuelekea dirishani, anakiinua kidevu chako kwa kidole kimoja, halafu anarudi nyuma na kukutazama hadi unaanza kujiuliza kama umepakwa kitu usoni. Kisha anapumua. Pumzi ile ndiyo watu wa mtaa wetu wanaikumbuka kuliko hata picha zake. Ilikuwa pumzi ndefu ya mtu aliyepandisha gunia la majani mabichi ya chai mlima mzima, akafika juu na kuambiwa mpimaji ameshaenda.

"Haya," anasema. "Tulia."

Na ulitulia, kwa sababu ulijua hakuna mara ya pili. "Film haina huruma," alikuwa akiwaambia watu. Ukipepesa macho, umepepesa. Utakuja Ijumaa kuchukua picha ya mtu aliyepepesa macho.

Sisi tulimwita Mzee wa Studio. Jina alikuwa nalo, lilikuwa limeandikwa kwenye leseni pale ukutani, lakini sikumbuki mtu akilitumia. Mkewe, aliyeuza omena na samaki wengine wa kukaanga sokoni, alimwita Jaduong', neno la kwao la kumheshimu mtu mzima, ingawa siku za hasira alilitamka kama tusi. Walitoka upande wa ziwa, kama wengi waliokuja Kericho kwa kazi za mashamba makubwa na viwanda vya chai, na alikuwa amekaa kwetu muda mrefu kiasi kwamba alitania kwa Kipsigis, lugha yetu wenyeji, na kugombana kwa Kiswahili. Kijaluo alikiweka kwa maombi na kwa mkewe.

Mimi nilikuwa na saluni chumba cha pili. Nilikipanga mwanzoni mwa miaka ya tisini, binti yangu Chebet akiwa bado mgongoni. Ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao, na mbao zenyewe zilikuwa zimekauka na kuachana, kwa hivyo nilisikia kila alilosema naye alisikia kila kilichosemwa chini ya draya yangu. Hilo lilimchosha sana. "Mama Chebet," aliniambia siku moja kupitia ukutani, "hao wateja wako wanaolewa mara ngapi kwa wiki?"

Biashara zetu ziliegemeana. Msichana akimaliza nywele kwangu, alipita kwake kabla mvua ya alasiri haijashuka na kuziharibu. Na mvua ya Kericho haikosi. Inapiga mabati hadi mnazungumza kwa mikono. Saa hizo, asipokuwa na mteja, alikaa mlangoni kwenye stuli, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote, akinywa uji kutoka kwenye thamosi. Chai hakunywa. Alikaa katikati ya chai, majani yakianza nyuma ya nyumba za mji na kwenda hadi macho yanapoishia, na hakuitia mdomoni. "Nimeivuta puani miaka yote hii," alisema. "Inatosha."

Hakumwambia mtu yeyote acheke. "Cheka nyumbani," alisema. "Hapa tunatafuta uso wako." Kijana mmoja wa Sigowet alikuja na koti la kuazima, akitaka picha ya kupeleka kwa wazazi wa msichana. Koti lilimfika magotini. Mzee alimzunguka, akapumua, akakataa kupiga.

"Vua hiyo koti."

"Mzee, si nitalipa?"

"Wazazi wa msichana watakuja kuitafuta hiyo koti mpaka kwenu. Utawaambia iko wapi?"

Kijana alipigwa picha na shati lake, kola imechakaa, uso umekasirika. Yule msichana alimpata. Walirudi pamoja baadaye kupiga picha ya arusi na Mzee hakuwakumbuka, au alijifanya hawakumbuki.

Lakini mtu huyohuyo aliyekataa koti la kuazima alikuwa na penseli moja nyembamba aliyoichonga kwa wembe, na kwa penseli hiyo aliinamia picha za akina mama dirishani na kuziondolea kasoro. Kovu la shavuni liliondoka. Mikunjo ya chini ya macho iliondoka. Nilimuuliza kama huo si uongo.

"Koti ni uongo wa yule kijana," alisema. "Kovu ni uonevu wa dunia. Huo nimeruhusiwa kurekebisha."

"Nani amekuruhusu?"

"Wewe na draya yako, nani amekuruhusu?"

Watu walimwona mgomvi, hasa kwenye picha za watu wengi. Arusini au kwenye ubatizo, watu wakiwa wamejipanga kwa furaha, yeye alianza kufoka. "Wewe wa nyuma! Toka kwenye bega la mtu! Mama, shusha hiyo kofia!" Aliwapanga na kuwapangua hadi watoto wakalia na mchungaji akatazama saa. Wengi waliacha kumwita kwa sababu hiyo. Mimi nilijua tabia hiyo ilikotoka, kwa sababu niliisikia kupitia ukutani.

Mama mmoja alikuja kutoka upande wa Siongiroi na picha ya arusi ya jamaa zake, aliyoipiga Mzee mwenyewe. Mumewe alikuwa amefariki, na walitaka picha yake ya kuweka mbele ya jeneza. Hakuwa na nyingine. Mtu huyo hakuwahi kupigwa picha peke yake maishani. Katika hii alikuwa safu ya nyuma, na kofia ya mama mmoja ilikuwa imemfunika upande mmoja wa uso, kuanzia jicho hadi mdomo.

"Mtoe hapo," alisema yule mama. "Uniwekee yeye tu."

Mzee aliingia chumba chake cha giza na kukaa humo muda mrefu. Nilisikia maji yakimwagika kwenye beseni. Alipotoka, alisema kwa sauti ambayo sikuizoea, "Mama, nusu ndiyo niliyonayo."

Yule mama aliichukua hiyo nusu, akaifunga kwenye leso na kuondoka. Siku ile Mzee hakufungua redio. Tangu hapo ndipo alipoanza kufokea watu wa safu ya nyuma, na hakumweleza mtu sababu.

Miaka ilivyosonga, studio ilianza kupoa. Vijana walikuja na kamera ndogo za rangi zinazojipangia kila kitu zenyewe, wakazunguka makanisani Jumapili na kwenye minada, wakapeleka film Nakuru na kurudisha picha zinazong'aa. Mzee alisema rangi ni homa na itapita. Alikosea. Alikosea mambo mengi ya namna hiyo, na nilipomkumbusha alipumua tu. Pazia lake lililochorwa mlima na mto lilianza kuota ukungu pembeni. Siku nyingine mteja wake wa pekee alikuwa mtu wa pasipoti, na siku nyingine hata huyo hakuja.

Kilichobaki kumweka mjini ni kiwanda. Kilikuwa kiwanda cha chai upande wa kwenda Bomet, na kila mwaka walipotengeneza kadi za wafanyakazi walimwita yeye. Alitundika shuka jeupe kwenye kantini na kuwapiga wote, wachumaji, watu wa mashine, madereva, mmoja baada ya mwingine, hadi mgongo ukakataa kunyooka. Aliichukia kazi hiyo. Kodi ya chumba ilitoka humo.

Sasa nisimulie habari ya kamera.

Ilikuwa karibu na mwisho wa miaka hiyo ya tisini. Meneja wa wafanyakazi wa kile kiwanda, kijana wa huku kwetu, mpole, mwenye kuwasalimu watu wazima kwa mikono miwili, alikuja studio na sanduku chini ya mwavuli. Nilikuwa nimempelekea Mzee kiberiti alichoniomba, nikabaki mlangoni.

"Mzee, hii ni kamera ya kompyuta," alisema meneja akiitoa. "Haitumii film. Kuna mtu wa Nairobi anatuuzia, ametuachia tuijaribu. Mimi sijui kamera. Nataka wewe ukae nayo mwezi huu, uipige kila namna, halafu uniambie ukweli."

Ilikuwa nyeusi, nzito upande mmoja, na ile lenzi ilitokeza kama pua. Mzee aliigeuza. Akaiweka jichoni na papo hapo akaitoa. Akanitazama mimi, akairudisha jichoni, akaitoa tena.

"Hapa ndani kuna nini?"

"Televisheni ndogo, Mzee. Hakuna kioo cha kawaida. Unachoona hapo ndicho picha itakavyokuwa."

Mzee aliiweka mezani polepole. "Na nikikuambia ni nzuri?"

"Tutanunua."

"Na kadi atapiga nani?"

Meneja alitazama mwavuli wake uliokuwa ukidondosha maji sakafuni. "Sekretari anaweza kufundishwa. Mzee, mimi sitakudanganya. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Nilingoja pumzi. Haikuja. Mzee alisema tu, "Iache hapo. Na hizo betri zake."

Mkewe aliposikia, alipita kwangu kwanza, beseni la samaki likiwa bado kichwani. "Mama Chebet, huyu mtu ameletewa kamba ajipime shingo, na ameipokea kwa mikono miwili."

Mwezi ule nilimwona Mzee wa Studio akifanya kazi kwa namna ambayo sikuwahi kumwona. Aliwaazima wateja wangu. Mtu akiwa na nusu ya kichwa kilichosukwa, aliitwa akae dirishani. Alimpiga na mwanga nyuma, na mwanga mbele, mlango umefungwa, mlango uko wazi. Alitoka nje kwenye ukungu wa asubuhi akapiga wachumaji wa lile shamba la karibu, vikapu mgongoni, na akarudi suruali imelowa hadi mapajani. Mwanzoni alilaumu kila kitu.

"Hii hainionyeshi mtu," alilalamika. "Inanionyesha habari za mtu. Mtu akigeuza kichwa, yeye ameshafika, televisheni bado iko njiani."

Ilikuwa kweli. Alinipa niweke jicho. Nilimwona akipunga mkono mle ndani, na nilipoangalia nje mkono ulikuwa umeshatulia. Na betri ilizila kama ndama anavyomaliza maziwa. Alipoletewa karatasi za majaribio zilizochapishwa kubwa kule ofisini kwa kiwanda, uso wangu ulikuwa umegeuka vinukta vinukta, kama kitambaa cha gunia. Nilimwambia aitupe picha hiyo. Aliiweka.

Lakini polepole lawama zilianza kuchanganyika na kitu kingine. Siku ya mawingu, chumba kikiwa giza kiasi kwamba mimi nilikuwa nimewasha taa, aliniita nitazame tena. Ndani ya kile kitundu kulikuwa na mwangaza kuliko chumbani. Akazungusha kidude fulani, uso wa mteja wangu ukawa mweusi kama masizi. Akakirudisha, uso ukatoka, na mashavu, na hata kinyweleo cha kidevuni.

"Unaona?" alisema. "Inaniambia kosa langu kabla sijalifanya."

Halafu akapiga safu ya wasichana waliokuwa wakingoja kusukwa, akaigeuza kamera akatazama nyuma kwenye kile kioo kidogo, na nikamwona anasimama tu hapo. Nilidhani imeharibika. Alikuwa akihesabu nyuso kwa kidole. Nilikumbuka habari ya mama wa Siongiroi niliyoisikia kupitia mbao zile. Alijisemea mwenyewe tu, "Ningemwona. Siku ileile ningemwona amefunikwa. Ningemwambia mama ashushe kofia, nikapiga tena."

Jumamosi moja alikuja kwangu mchumaji wa chai kutaka nywele. Alikuwa mama wa makamo, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani, vile ambavyo sabuni haiwezi. Mzee akachungulia kama kawaida yake.

"Mama, njoo nikupige picha ya bure."

Yule mama alimtazama na uso wake ukakunjamana. "Bicha? Na wewe? Ni wewe ulinibiga macho yamelala."

Sisi wenyeji p na b hutuponyoka tukiwa na hasira, na yeye alikuwa na hasira. Akatoa kadi ya kazi kwenye mfuko wa sweta. Kweli, macho yalikuwa yamefungwa, mdomo wazi kidogo. Mwaka mzima wenzake walikuwa wakimwita kwa jina la kumcheka, Yule Aliyelala, na hata mtoto wake alikuwa amelisikia.

"Nilikuomba urudie," alisema. "Ukasema film haina huruma, ukaita mtu mwingine."

Nilidhani Mzee atafoka. Alivuta kiti chake, akakifuta kwa mkono wa koti na kumwomba akae. Akampiga. Akamwonyesha. Mama akatikisa kichwa. Mzee akafuta, akampiga tena. Mama akasema shingo. Akafuta. Mama akasema hapana, kama mtu anayejaribu kuona uvumilivu huo unaishia wapi. Mzee akafuta, akapiga, akafuta, na mvua ikaanza, na wateja wangu wakajaa kwenye mlango wa studio, na kila mmoja alikuwa na neno. Sikuwahi kumwona Mzee akivumilia watu wengi hivyo chumbani mwake. Hatimaye mama aliishika kamera kwa mikono yake miwili na kuikazia macho.

"Hiyo nayo nifute?" aliuliza Mzee.

"Ngoja." Akaisogeza karibu. "Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Kumbe nafanana na mama yangu." Akacheka, halafu akafunika mdomo kwa vile vidole vyeusi. Mamake alikuwa ameshafariki.

Walipoondoka wote, Mzee alikaa kwenye kile kiti cha wateja, mahali ambapo hakai. "Mama Chebet," alisema, "miaka yote hiyo nilisema film haina huruma."

"Si ni kweli?"

"Ningeweza kuongeza moja. Film moja tu. Ningekufa?"

Nilirudi kwa mteja wangu.

Siku moja kabla ya meneja kurudi, mkewe alikuja alasiri na kufunga mlango wa studio, jambo lisilosaidia chochote kwa mbao zile. Walianza kwa Kijaluo, wakaingia Kiswahili, kama wafanyavyo watu wanaotaka jirani awe shahidi.

"Jaduong', utasema nini kesho?"

"Nitasema nilichoona."

"Umeona betri inakufa. Umeona picha za vinukta. Sema hayo. Si uongo."

"Nitayasema."

"Sema hayo, halafu unyamaze."

Mvua kwenye mabati. "Siwezi kunyamaza nusu," alisema Mzee.

"Na watoto watakula nusu?"

Mkewe akapiga ukuta kwa kiganja. "Mama Chebet! Uko hapo, najua uko hapo. Mwambie huyu mtu!"

Nilimwambia. Nilimwambia kupitia ukutani kwamba mkewe ana haki, kwamba kiwanda hakitakufa bila kamera, kwamba meneja mwenyewe amesema hajui kamera na ataamini lolote. Nilisema kwa moyo wangu wote, na hata leo sidhani nilikuwa mjinga. Upande wa pili nilisikia stuli ikiburutwa, kisha Mzee akasema kwa uchovu, "Basi mmemaliza? Samaki zitaoza."

Meneja alikuja asubuhi. Mzee alimketisha kwenye kiti cha wateja, akasimama mbele yake kama mwalimu. Alianza na mabaya. Alisema televisheni inachelewa, kwa hivyo mtu wa kupiga michezo au watoto wadogo itamsumbua. Alisema betri ni za kubeba kwa mfuko. Alisema picha ya kutundika ukutani haiwezi, bado, na mtu akitaka picha ya babu yake asipelekwe kwa mashine hiyo. Akasema pia kwamba watu hawatakubali kamwe picha inayokaa ndani ya mashine bila karatasi mkononi, na hilo nalo alikosea, sote tumeona.

Meneja alikuwa akitikisa kichwa polepole. Mke wa Mzee alikuwa mlangoni, na niliona uso wake ukianza kulegea.

"Kwa hivyo tusinunue," alisema meneja.

Hapo ndipo pumzi ilipokuja. Ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia kwake.

"Kwa kadi zenu, nunueni," alisema. "Kwa kadi ni nzuri kunishinda. Mtu anajiona kabla hajaondoka. Kama amefumba macho, anarudia. Hakuna mtu atatembea mwaka mzima na aibu kwa sababu mpigaji alikuwa amechoka." Akaifunga kamera kwenye sanduku lake, kifuniko kikalia. "Lakini msimpe mtu asiye na subira. Mkimpa asiye na subira, mmenunua bure."

Meneja alisimama, akamshika mikono yote miwili, akaondoka na sanduku. Mke wa Mzee hakupiga kelele. Aliinua beseni lake, akaniomba nimtwike kichwani, akaenda sokoni. Nilimfuata Mzee ndani, nikiwa na hasira kuliko hata mkewe.

"Kwa nini, Mzee? Kwa nini?"

"Aliniuliza habari ya kamera," alisema. "Hakuniuliza habari ya tumbo langu."

Kiwanda kilinunua. Mwaka uliofuata hakuitwa. Alijaribu kushikilia kwa muda, akipiga pasipoti moja moja, na mimi niliwapeleka wasichana wangu kwake kwa kuwasukuma, lakini wao walitaka rangi na walitaka kucheka. Omena ya mkewe iliwalisha. Kisha hata kodi ikashinda omena. Siku waliyohama nilimsaidia kukunja lile pazia la mlima na mto, likapasuka kwenye mkunjo kwa ukungu, na tukaliacha pale sakafuni. Aliyekuja baada yake aliweka simu za kulipia. Kelele za watu wakipigia jamaa zao simu zilipita kwenye ule ukuta mchana kutwa, na mara nyingi, nikiwa na mkono kwenye nywele za mtu, nilijikuta nangoja pumzi ambayo haikuwepo.

Nilisikia wako Longisa. Halafu nikasikia hawako Longisa. Maisha yalinichosha na mimi pia, mume aliugua, Chebet alianza shule ya upili, na nikaacha kuuliza.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa kwenye lango la kile kiwanda. Nilikwenda kwa ajili ya shemeji yangu aliyekuwa akitafuta kibarua, kwa sababu nilikuwa nikimsuka mke wa mtu wa ofisini na nilidhani hilo lina uzito. Mvua ilinikuta kabla sijafika. Nilikimbilia kibanda cha mlinzi, na mlinzi akafungua mlango wa chini akasema, "Ingia, Mama Chebet, hizo nywele zako ni biashara."

Alikuwa yeye, Mzee wa Studio, ndani ya sare ya bluu iliyomzidi mabegani. Alikuwa amepungua, na nywele zilikuwa nyeupe zote. Tulishikana mikono tukacheka. Alinipa benchi. Aliniambia meneja ndiye aliyemtafuta, akauliza hadi akampata, akamwambia kuna nafasi langoni. Mkewe alisema nenda, naye akaenda. Kazi ni kufungua na kufunga, alisema. Miguu inauma kwa baridi. Mkewe bado anauza samaki, sasa ana kibanda chenye paa, na wameshaacha kugombana kuhusu mambo ya zamani kwa sababu wote wawili wamechoka.

"Na ile kamera?" niliuliza.

"Iko. Sekretari anaitumia. Ni msichana mzuri, ana subira." Akaonyesha kwa kidevu kuelekea ofisini. "Hata mimi alinipiga. Lazima kila mtu awe na kadi."

Kadi ilikuwa imebanwa kwenye mfuko wa sare. Aliitoa, akaifuta maji kwa kidole gumba, akaitazama kwa mbali kama watu wa umri wake wanavyotazama, kisha akanipa.

"Wewe umenijua siku nyingi," alisema. "Sema ukweli. Ni mimi?"

Ilikuwa picha ndogo ya vinukta. Mzee mwenye sare kubwa, mabega yameanguka, macho wazi kabisa yakitazama mbele bila kuomba kitu. Nilitaka kumwambia anaonekana kijana. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yale ninayowaambia wateja wangu kila siku. Nikamtazama yeye, nikatazama kadi, nikamtazama yeye tena.

"Ni wewe, Mzee," nilisema. "Umechoka tu."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akaichukua kadi yake na kuibana tena mfukoni.

"Basi ni kamera nzuri," alisema. Lori la majani lilikuwa limepiga honi nje, na alitoka kwenye mvua kulifungulia.